Nyonga za Baron

Siku ya kwanza kazini nilipewa koleo na ndoo, nikaambiwa nisafishe vibanda vyote kabla jua halijawa kali. Ilikuwa kampuni ya ulinzi, hapa mtaa wa Kampemba, na mbwa wake walikuwa berger allemand, mbwa wa Kijerumani, wale wakubwa wenye mgongo mweusi. Mkuu wa mabanda, mzee aliyetoka jeshini, alinisimamisha nyuma yao.

"Angalia matako," alisema. "Meno itakuogopesha bure. Imbwa inatembea na nguvu ya nyuma."

Kwake nilijifunza kwamba mbwa mkubwa hakimbizwi akiwa ameshiba, maana tumbo laweza kujisokota akafa siku hiyohiyo. Mtoto wa mbwa naye hanenepeshwi haraka, mifupa yake bado ni laini. Mzee alipostaafu, kazi ya kupandisha, yaani kuchagua dume na jike wa kuzaa, ikawa yangu.

Dume letu kubwa aliitwa Baron. Kila mgeni alisimama kumtazama, yeye na binti yake mkubwa tuliyembakiza bandani. Alipofika miaka mitatu akaanza kuinuka kwa taabu asubuhi. Daktari wa mifugo, mama mpole asiyependa kurudia neno, alimpiga radio, picha ya mifupa, akaiinua dirishani.

"Ona. Kichwa ya mufupa ya paja haikae muzuri mu tundu yake. Hii inapita mu damu, inaenda kwa batoto. Musimupandishe tena."

Nilimpelekea mkurugenzi picha ile. Hakuitazama.

"Bantu banakuyaka huku kuuza imbwa juu ya Baron," alisema. "Umupandishe na ule binti yake mukubwa. Batoto batamupita."

"Lakini docteur amesema..."

"Docteur haiko anauzisha imbwa."

Nilikuwa na watoto shuleni. Ndivyo nilivyojitetea moyoni. Lakini hakuna aliyenishika mkono kunilazimisha. Mimi mwenyewe nilimfungulia Baron mlango, nikamshikilia binti yake kichwa mpaka ikaisha.

Wakazaliwa saba. Jike mmoja alichukuliwa na Mama Furaha, mjane kutoka Kivu ya Kaskazini mwenye depo ya maharage jirani na sisi. Hakumuuliza mkurugenzi. Aliniuliza mimi.

"Papa, baba yake iko muzima?"

"Iko muzima, mama."

Kabla ya kutimiza mwaka, mbwa yule alikuwa akikimbia kwa kurusha miguu yote miwili ya nyuma pamoja, kama sungura. Kisha ngazi za depo zikamshinda. Dawa za maumivu zikajaribiwa, zikashindwa. Siku moja, daktari akiwapo bandani, Mama Furaha akamleta kwa kamioneti, gari dogo la mizigo, amelazwa juu ya magunia matupu. Daktari alimpapasa nyonga. Mbwa akalia, lakini hakumuuma. Ilibaki sindano ya kumpumzisha milele.

Nilipiga magoti, nikamshika kichwa. Mama Furaha alikuwa amesimama juu yangu.

"Papa, ulijuaka?"

"Nilijuaka, mama."

Akafungua kitenge chake cha juu, akamfunika mbwa mgongo. "Basi umushike muzuri," akasema.

Kesho yake nilimwambia mkurugenzi kwamba sitampandisha Baron tena. Hakugomba. Alinihamishia Annexe, pembeni mwa mji, kwenye uwanja wa mafunzo, na kazi yangu akampa mtu ambaye hakuwahi kuiona ile radio. Baron akazalisha mara mbili zaidi. Nilisikia, nikanyamaza, mpaka siku ya kustaafu.

Siku hizi vijana wananiletea mbwa zao wakubwa. Nawaambia wangoje miaka miwili, wapige radio dume na jike, wasimpe baba binti yake, na mwenye nyonga mbaya apendwe bila kuzalishwa. Wananiita mtaalamu. Naitika, ingawa jina hilo linanichoma.

Mwaka jana nilimpelekea Mama Furaha mtoto wa mbwa kama zawadi. Wazazi wote wawili nilikuwa nimeona radio zao, safi. Alimpapasa masikio kwa muda mrefu, kisha akamrudisha mikononi mwangu.

"Iko muzuri, papa," alisema. "Lakini kama iko muzima, sasa nitauliza nani?"

Nikarudi na mtoto wa mbwa nyumbani, Annexe, kwa miguu.