Kijiko cha Unga wa Chuma

Kuna aibu mtu huzificha maisha yake yote, lakini hii yangu nusu ya mtaa wetu wa Miyuji wanaijua, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hujaisikia kwa mwingine ikiwa imetiwa chumvi.

Nilikuwa nafundisha Biolojia kwenye sekondari ya mtu binafsi, miaka ile shule hizo zilipoanza kufunguliwa Dodoma na kila moja inagombea wazazi. Katika jarida aliloliacha mwalimu mmoja wa kujitolea nilisoma kwamba wapo bakteria wa kwenye tope la mabwawa wenye punje ndogo mno za chuma mwilini, wanaofuata sumaku, na wataalamu wanatafuta namna ya kuwabebesha dawa na kuwaongoza kwa sumaku mpaka ndani ya uvimbe wa saratani. Nikasema hii ndiyo ya kuwaonyesha Siku ya Wazazi.

Ijumaa hiyo nikachota tope bwawani, nikachungulia kwenye hadubini yetu (moja tu, na kioo chake kina ufa) tangu asubuhi, sikuona bakteria hata mmoja, na wazazi wameshaingia getini. Basi nikachukua unga wa chuma wa mwalimu wa Fizikia, kijiko kimoja tu jamani, nikakoroga kwenye bakuli la tope, nikapitisha sumaku ubavuni mwa bakuli, weusi ule ukaanza kutambaa kuifuata, nami bila haya nikawaambia hao ndio bakteria wenyewe, wapeleka dawa. Watu waliguna kwa mshangao, mkuu wa shule akanipa mkono mara mbili.

Aliyekaa mstari wa mbele ni shangazi yangu, mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa. Alikuwa amefikia kwangu kwa sababu ya uvimbe kwenye titi, na Jumanne alitakiwa hospitali kwa upasuaji.

Jumamosi redio yangu haikutoa sauti. Nilipofungua nyuma nikakuta spika imeng'olewa sumaku. Nikaenda chumbani kwa shangazi kumuuliza, nikamkuta amejipaka tope kifuani, sumaku yangu ameifunga juu yake kwa khanga, ametulia kabisa. Akaniambia Jumanne haendi popote. Nikamweleza ukweli wote, lakini akaona namdanganya ili akubali kisu.

"Ulisema mbele za watu, mwanangu," akanijibu. "Kama ulidanganya, kakane mbele za watu."

Sikulala vizuri, ila niliamka nimeshaamua. Wazazi wengi tulikuwa tunasali nao, kwa hiyo Jumapili nikamwomba mchungaji dakika mbili za matangazo, nikapanda mbele na bakuli la maji safi, unga wa chuma na sumaku ya maabara. Mkuu wa shule alikuwa benchi la kwanza, na suti ile ile ya Ijumaa. Nilipoinua sumaku, ikarukia kipaza sauti, ikagota kwa kishindo na kung'ang'ania pale, kanisa zima likacheka, mchungaji naye akageuka pembeni. Nikaibandua. Nikamwaga unga, nikaonyesha, nikasema kile mlichokiona kilikuwa chuma, bakteria wapo kweli lakini mimi sikuwaona, na dawa hiyo bado haijapatikana.

Mama mmoja akasimama nyuma akauliza kama lile tope alilompaka mumewe kwenye uvimbe wa shingoni alitoe. Nikamwambia, "Litoe leo, mama, na kesho mpeleke hospitali." Hapo kicheko kilikatika, nami ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Nje, shangazi akaifungua khanga, akanirudishia sumaku ya redio ingali na tope. Akasema, "Jumanne tunakwenda wote, na utanisubiri mlangoni."

Nilimsubiri. Alipasuliwa, akatibiwa miezi mingi, nywele zikamtoka zikaota tena, na msimu uliofuata alikuwa Kibaigwa akibishana na madalali. Mimi nilipewa barua ya onyo, na wanafunzi wakanibandika jina la Mwalimu Tope, ambalo sikulivua mpaka nilipohama.

Lakini sikuacha kuchota tope. Mwaka uliofuata tulichungulia na kidato cha tatu wiki tatu mfululizo, kila siku baada ya vipindi, na siku ya mwisho nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: hatujaona. Nao wakanakili.