Mikate Juu ya Bati

Juzi, ndugu yangu, nilipita mtaa wa Malakia hapa Juba, nikaona mikate imepasuliwa katikati na kuanikwa juu ya bati la nyumba. Nikasimama. Mwenye nyumba, mwanamke kijana nisiyemjua, alinisalimia vizuri tu. Nilitaka kumuuliza kwa nini anaianika, nikaogopa jibu.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwetu Malakia, dalili ilikuwa mkate mkavu.

Wazazi wangu walitoka Uganda kuja kuuza vyombo Juba, na jirani yetu alikuwa bibi mzee tuliyemwita haboba, kama watoto wote wa mtaa. Alioka eish, mikate ya duara iliyovimba ndani ya tanuri lake la udongo. Hakununua hamira dukani. Kila siku alibakiza unga uliochachuka kwenye bakuli, akachanganyia wa kesho, kama mama yake alivyofanya huko kaskazini. Mkate ule ulikatwa kwa mkono, ole wako ushike kisu! Uliuchovya kwenye maharage ya ful yaliyopondwa, yenye mafuta ya simsim na kitunguu kibichi, ukala ukipuliza vidole. Sijala kitu kitamu hivyo tena.

Halafu ukaja msimu haboba akaacha kutugawia mikate ya moto. Yote aliipasua na kuianika, nami nikapewa fimbo nifukuze kunguru. Niliona ni mchezo. Lakini wakubwa walipoinua macho na kuyaona yale mabati, walianza kufungasha, na mama akafunga nguo zetu.

Milio ya bunduki ilipoanza kusikika mchana, lori la kwenda Nimule, mpakani mwa Uganda, likasimama njiani. Haboba alituletea gunia zima la mkate mkavu.

“Haboba, panda twende,” mama akamsihi. “Nafasi iko.”

“Wewe enda na batoto. Mimi iko na unga kwa bakuli. Nitaachia nani?”

Mama alimvuta mkono, akalia, akamwita “mama yangu”. Wapi! Lori likaondoka. Nilimkasirikia yule bibi, nikauchukia na unga wake.

Tulikuwa Uganda, tukiloweka vile vipande kwenye chai, mtu wa kutoka Juba alipotuambia kwamba ua wa haboba umeungua, naye hakutoka. Mama aliweka kikombe chini. Kisha akatuambia tule.

Siku hizi Juba mikate imejaa, myeupe, laini, haina uchachu wowote. Mimi mwenyewe nilijifunza kuoka ukubwani, na ndipo nilipojua jambo linaloninyima raha hadi leo. Kuhamisha unga ule hakuhitaji bakuli. Donge la ngumi moja, ndani ya kitambaa, lingetosha.

Haboba alilijua hilo kuliko sisi sote. Hakutaka kuondoka, basi.