Neno Lenye Meno

Kwa miaka ishirini na miwili alisimama mbele ya msumeno wa mviringo katika kiwanda cha mbao, na watu wote walimwita Bwana Kizungu. Kizungu chake alikiokota hapo hapo, kwa fundi mgeni aliyeifunga ile mashine. Fundi yule aliugusa msumeno, akasema "saw". Akasukuma gogo, akalipasua, akasema tena "saw". Basi Bwana Kizungu akashika kwamba neno lile ni chombo, na pia ni kazi ya chombo. Kwamba neno hilo hilo ni "kuona" kwa jambo lililokwisha pita, hakuna aliyepata kumwambia.

Mume wa dada yake alifanya kazi upande wa pili wa meza. Asubuhi moja gogo lilikwama, shemeji akainama kulitazama. Nyapara akaja mbio.

"Unalibembeleza? Ni mchumba wako?"

"Ngoja, mkuu, kuna msumari humu."

Nyapara hakungoja. Alimshika kisogo kwa mkono mmoja, kiwiko kwa mwingine, akasukuma. Mkono ulitangulia, gogo likafuata. Msumeno haukubadili hata sauti. Damu iliruka hadi kwenye mabati ya paa, na vidole vinne vikaangukia unga wa mbao, kimoja kikiwa bado kinatikisika.

Nyapara alidai kwamba shemeji aliteleza. Wengine walikuwa nje wakipakia lori. Aliyeona ni Bwana Kizungu peke yake. Ushahidi wake ukianguka, nyapara angerudi kazini kesho yake, na shemeji angebaki na kigutu na lawama juu.

Mahakamani karani alijitolea kumtafsiria.

"Usijisumbue, mwanangu. Kizungu hicho nakijua."

Mwendesha mashtaka akamnyooshea shemeji kidole, akauliza taratibu: "You saw him?"

Bwana Kizungu akasikia anaambiwa kwamba ndiye aliyempasua shemeji yake. Akakipiga kizimba ngumi. "No! Never! Me no saw!"

Nyapara akaangua kicheko. Hakimu akashika kalamu.

"Kaka!" Dada yake alipiga yowe kutoka benchi la nyuma. "Umelishwa nini? Si uliona kwa macho yako mawili?"

"Kwani nimeulizwa nini?"

"Umeulizwa kama ulimwona," karani akamnong'oneza. "Umesema hukuona."

Bwana Kizungu akaruka kizimba. Askari hawakuwahi. Alimkamata nyapara kisogo na kiwiko, akamsukumiza uso mezani, na mlio wa pua kuvunjika ukasikika hadi mlangoni.

"Hivi, mheshimiwa! Nilikuwa hatua mbili tu, nikaona hivi! Na hivi!"

Askari watatu walihitajika kuwaachanisha. Hakimu alingoja damu ipanguswe, akaamuru shahidi aulizwe upya kwa Kiswahili, na akaandika kila alilolijibu. Nyapara alifungwa miaka sita. Shahidi naye, kwa fujo mbele ya mahakama, alipata wiki tatu.

Dada yake alimpelekea sabuni na shati safi gerezani, akamkuta anafagia ua.

"Ungesema Kiswahili tangu mwanzo, kaka, usingelala humu."

"Nisingelala, kweli," akakubali, akiegemea ufagio. "Lakini pua yake ingekuwa nzima."