Kichwa Kilichoinama Mbele ya Kitenge cha Kijani

Wakosaji katika habari hii ni watatu. Majina siandiki, Kitengela ni ndogo kuliko watu wanavyofikiria, na wenyewe watajijua. Wa kwanza ni mwenye saiba. Wa pili ni msichana wa dada yake, yule aliyekuwa na cheti cha ualimu. Wa tatu nitamsema nikifika kwake.

Mimi nilitoka shule darasa la tano. Mama aliugua, wadogo wangu wakahitaji mtu wa kuwapikia. Sisi ni Wakamba, lakini baba alikuwa ametuleta Kajiado akifuata kazi ya kuchonga mawe, na majirani wetu wote walikuwa Wamaasai. Hiyo miaka ya tisini, wenzangu wakiwa darasani, mimi nilikuwa kwenye bomba la maji na akina mama wa Kimaasai, tukingojea zamu na kuongea. Kimaa, hiyo lugha yao, hakuna mtu alinifundisha. Kiliniingia tu, hapo kwenye foleni ya mitungi.

Baadaye niliolewa, nikaachwa, nikaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya maua Isinya. Miaka kumi na mmoja ndani ya zile nyumba za plastiki, na dawa walikuwa wanapiga tukiwa ndani. Kifua changu kinakumbuka mpaka leo. Shifti yangu ilikuwa inaisha saa saba, kwa hivyo mchana nilikuwa nashuka Kitengela kupiga deki kwenye saiba moja, duka la kompyuta za kukodisha, karibu na stendi.

Huyo mwenye saiba alipata kazi kutoka kwa wazungu fulani. Walikuwa wametengeneza kijiji ndani ya kompyuta. Kweli kijiji: barabara, miti, soko lenye vibanda. Mtu akiwa kwao Ulaya anaingia huko akiwa katuni, anatembea, anaongea na maikrofoni, na anajifunza lugha. Walitaka mwalimu wa Kiswahili anayejua na Kimaa kidogo. Bosi akampa kazi msichana wa dada yake, maana cheti alikuwa nacho. Kimaa hakuwa nacho hata neno moja, na Kiswahili chake kilikuwa cha daftari. Alikuwa anawaambia wale wanafunzi warudie baada yake, habari, habari, nzuri, nzuri, na baada ya wiki mbili walikuwa wameanza kupotea.

Siku moja alienda kusukwa nywele akachelewa. Kuna mwanafunzi alikuwa ameshaingia, anangoja sokoni. Bosi akaniona na ndoo yangu.

"Kaa hapo uongee chochote. Wakisikia kimya watakata."

"Niongee nini?"

"Si wewe huongea mchana kutwa ukipiga deki? Ongea hiyo hiyo."

Nikakaa. Katuni ya mwalimu ilikuwa mwanamke amevaa kitenge cha kijani, amesimama kwenye kibanda cha nyanya. Mwanafunzi alikuwa msichana mwembamba, suruali nyekundu, nywele zimesukwa mikia miwili. Nikamuuliza anataka nyanya ngapi. Akasema tano. Nikamtajia bei ya wizi, akakubali mara moja. Nikamwambia hapana, mtoto wangu, huku mtu akikutajia bei kwanza unaguna. Unaguna, unaangalia kando, kisha unasema wewe unanifukuza kumbe. Akaguna. Aliguna vibaya, kama mtu amekanyagwa, na mimi nikacheka mpaka watu wa kompyuta zingine wakageuka.

Kesho yake aliuliza yule mwalimu wa nyanya yuko wapi.

Ndivyo nilianza. Kwa karatasi mwalimu alikuwa msichana wa dada yake. Kwa sauti alikuwa mimi. Yeye alikaa kando yangu akiandika ripoti kwa Kiingereza, na tukimaliza ananiuliza, "Anti, leo tumefundisha nini?" Tumefundisha. Hiyo tu ilikuwa inanifanya nikunje kitambaa changu cha deki mara mbili ili nisimjibu.

Salamu ya kuinamisha kichwa niliipata kwa bahati. Nilikuwa napangusa vumbi kwenye vibonyezo, kitambaa kikabonyeza kimoja, na katuni yangu ikainama. Nikaona hapa kuna somo. Kwa Wamaasai mtoto hampi mkubwa mkono. Anainamisha kichwa, ananyamaza, anangoja. Mkubwa anamgusa utosini, ndiyo maneno yanaanza. Usipomgusa umemwacha amening'inia hapo kama mtu asiye na kwao. Nikamwonyesha yule msichana wa suruali nyekundu. Kutoka siku hiyo, kila akiingia sokoni alikuja mpaka kwenye kibanda changu, akainama, akangoja. Nami nasogeza katuni yangu karibu, nainua mkono juu ya kichwa chake, namsalimia kwa Kimaa, "Takwenya." Ananijibu, "Iko." Ndipo tunaanza nyanya. Wengine wakaiga. Kuna siku walipanga laini sita wameinama, na mimi nawagusa mmoja mmoja, mtu wa darasa la tano na ndoo ya deki chini ya miguu.

Hawakunijua sura. Waliniita Mwalimu. Sijui kama mtu aliyezaliwa akiitwa vizuri anaweza kuelewa hilo neno lilivyokuwa linaniingia.

Kisha wale wazungu wakaandika kwamba wanataka kufungua darasa la kweli Kajiado mjini, chumba na madawati, na watakuja kumwona mwalimu kwa macho. Bosi akaniita nje, kwenye mlango wa nyuma.

"Mama, hili darasa ni lako. Lakini wakija watauliza cheti, na wewe hauna. Acha huyu msichana akae mbele siku moja tu. Wakishaweka sahihi, tunakuingiza pole pole. Wewe tulia."

Nikatulia. Nilitaka kile chumba kuliko nilivyowahi kutaka mume.

Siku yao ilipofika, kompyuta zilikuwa zimesukumwa ukutani na viti vya plastiki vimepangwa. Msichana wa dada yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, amevaa kitenge cha kijani. Bosi alikuwa amempelekea fundi ile katuni imechapwa kwenye karatasi, akamwambia shona hivi hivi. Mimi nilipewa aproni na chupa mbili za chai.

Wakaingia wanne. Watatu vijana, na nyuma yao bibi mzee kabisa, nywele nyeupe kama pamba, ameshikilia fimbo. Amevaa suruali nyekundu.

Nilisimama na chupa yangu. Kwenye kompyuta hakuna mikunjo, na ile sauti nyembamba mimi nilikuwa nimeisikia kama ya msichana. Miezi saba nilikuwa nimemwambia mtoto wangu, inamisha kichwa, na alikuwa rika la marehemu mama yangu.

Yule bibi akatembea moja kwa moja mpaka kwa kitenge cha kijani. Akaegemeza fimbo. Akainama, akanyamaza, akangoja.

Msichana wa dada yake akacheka kidogo. Akanyoosha mkono amsalimie. Bibi hakuuona, macho yalikuwa chini. Msichana akamwangalia mjomba wake. Kile kichwa cheupe kiko tu pale, hakuna wa kukigusa.

Mimi ningekigusa. Hatua nne tu. Ningesema takwenya, na angejua. Lakini kumgusa mama wa umri ule utosini, mbele ya watu, kwa macho makavu, mkono wangu ulikataa. Nilikulia kwa wale watu. Kwa kompyuta nilikosea kwa kutojua, lakini hapa nilikuwa namwona. Nikaweka chupa chini, nikaenda mbele yake, nikafanya kile ninachopaswa kufanya. Nikainamisha kichwa changu mimi.

Nikasikia mkono wake. Ulikuwa utosini mwangu.

"Takwenya," akasema.

"Iko," nikajibu.

Mkono ukabaki pale pale. Haukutoka. Kisha akasema kwa Kiswahili nilichomfundisha mimi, pole pole, "Sauti ya mama hii ni sauti ya mwalimu."

Bosi alikuwa ameshasogea karibu yetu. Akacheka kile kicheko chake cha wateja. "Ni dada yake mkubwa," akasema. "Hii familia wote wana sauti moja. Huyu hutusaidia na chai."

Bibi hakumwangalia. Aliniangalia mimi. "Wewe ni dada yake?"

Hapa ndipo anaingia wa tatu. Hakuna mtu alinishika mdomo. Niliangalia msichana kwenye kiti, nikaangalia bosi, nikafikiria kile chumba cha Kajiado na madawati yake, nikasema, "Ndiyo. Mimi ni dada yake." Halafu nikamimina chai.

Walitia sahihi siku hiyo. Wiki iliyofuata bosi aliniambia darasa linataka mtu wa cheti, unaelewa, mama, si mimi, ni wao. Neno la siri la kuingilia kijijini lilikuwa limeshabadilishwa. Msichana akahamia Kajiado kufundisha, darasani na kwenye kompyuta. Mimi nikabaki na maua mpaka kifua kikakataa.

Miezi mingine ilipita. Nilikuwa nimeenda Kajiado kwa mambo ya kitambulisho, nikaona saiba, nikaingia. Nikafungua kile kijiji kama mgeni. Mgeni haulizwi neno la siri, wanampa katuni ya mwanamume, shati la kijivu. Nikatembea mpaka sokoni. Kibanda cha nyanya kilikuwa pale, na kitenge cha kijani kimesimama. Yule wa suruali nyekundu hakuwepo. Hakukuwa na laini.

Nikabonyeza kile kibonyezo. Shati la kijivu likainama, likangoja. Kitenge hakikusogea.

"Karibu, mwanafunzi mpya," ikasema sauti ya yule msichana. "Usiogope. Rudia baada yangu. Habari."

Nikashika maikrofoni. "Habari," nikasema.

Nikasikia kiti chake kikisogea. Kisha akasema nimejaribu, lakini matamshi bado.