Nilivyomjibu Fundi wa Gerezani "Ninayo"

Hii habari mume wangu Hamisi anaijua nusu, majirani wanaijua robo tatu, nzima ninayo mimi peke yangu, na nimeificha kwa sababu kila nikiikumbuka viganja vinaanza kutoka jasho. Ila kwa kuwa mmeniuliza kwa nini nikienda kununua kitu cha umeme nauliza maswali mpaka muuzaji ananuna, kaeni niwaambie, na mkitaka kucheka chekeni, ila mimi siku ile sikucheka.

Mimi napenda sauti nzuri. Nauza vitambaa vya mapazia Kariakoo, kutwa nzima nasikia honi na vipaza sauti vya watu wanaotangaza bei, kwa hiyo nikirudi nyumbani Upanga nataka muziki uliotulia, na filamu ambayo mtu akinong'ona namsikia, siyo TV yetu ile ambayo kila anayeongea utadhani kafunikwa blanketi. Spika kubwa mbili nilikuwa nazo, aliniachia mpangaji mmoja alipohama, na mwaka mzima nilikuwa nimeziwekea maua juu. Kilichokosekana ni risiva, lile boksi linalopokea sauti ya TV au ya simu na kuisukuma kwenye spika. Mpya bei yake haishikiki, nikasema nitafute iliyotumika. Wiki mbili nikakesha kwenye video za watu wanaoelekeza namna ya kuchagua, nikajiona mhandisi kabisa.

Jumamosi asubuhi tukaenda na Hamisi mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, kwa fundi mmoja, Mzee Mapunda, mwenye kibanda kilichojaa risiva za Japani mpaka darini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akamgeukia Hamisi.

"Kaka, unataka ya nguvu kiasi gani?"

Hamisi (ambaye hajui tofauti ya risiva na king'amuzi) akanyoosha kidole kwangu. Nikaanza mimi: naomba iwashwe, tujaribu kila tundu la spika, nizungushe kitufe cha sauti nisikie kama kinakwaruza, nione kama inashika bluutuuthi. Na kila nililouliza mimi, jibu likaenda kwa Hamisi. Nikaanza kuchemka. Mwishowe ikapatikana moja nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, sauti yake tamu mpaka wapita njia wakasimama, na bei tukaiweza. Fundi akasema, bado macho kwa Hamisi, "Hii inakula umeme mdogo, kaka, wa Japani. Hapa nimeiwasha na transfoma ya kushusha umeme. Nyumbani mnayo?"

Kabla Hamisi hajafungua mdomo nikadakia, "Ninayo."

"Una uhakika, dada?" Ndiyo kwanza ananiangalia.

"Fundi, mi siyo mtoto. Ninayo."

Jamani, sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni kile kiboksi cha kulinda friji, umeme ukiyumba kinakata, na nikajiaminisha kwamba kitu kinachojua kulinda hakiwezi kushindwa kushusha. Ningeuliza swali moja tu, hiyo transfoma ikoje, lakini kumuuliza mtu aliyenifanya kivuli nusu saa nzima, mdomo ulikataa.

Kesho yake, Jumapili saa tisa alasiri, nikaalika wenzangu watatu wa dukani waje tuangalie filamu. Hamisi alikuwa kwa dada yake Buguruni. Nimekaanga sambusa, nimevaa dera jipya, nimeondoa maua kwenye spika. Nikachomeka risiva kwenye kile kiboksi cha friji, kiboksi ukutani, nikawageukia kama mtangazaji: "Sasa mtasikia."

Wakasikia kweli. Ulitoka mlio kama bati linapasuka, ikafuata harufu ya plastiki, moshi ukaanza kupanda kwenye vitundu vya juu ya risiva, feni ikasimama. Kukawa kimya. Na kwenye ule ukimya nikasikia, chini ya miguu yetu, king'ora chembamba kisichokatika: tiiiiii.

Chini yetu anaishi Bi Zulfa, mama mtu mzima wa familia ya Kiarabu ya hapo Upanga miaka mingi, mapafu yake yamechoka, na tangu atoke hospitali anapumulia mashine ya oksijeni inayochomekwa ukutani. Binti yake Ruqaiya alishaniambia siku moja kwenye ngazi, "Dada Somoe, ukisikia huo mlio ujue mashine imekosa umeme." Na nyumba zetu mbili zinatumia laini moja.

Mgeni wangu mmoja akatoka mbio anapiga kelele "Moto! Moto!" na wengine wakamfuata, mmoja na sambusa mkononi. Mimi nikachomoa waya, nikaifunga ile risiva kwa kanga, nikaiburuta mpaka kwenye roshani. Dirisha la chini likafunguliwa.

"Dada Somoe!" Ni Ruqaiya, sauti inatetemeka. "Umeme umekatika mtaa mzima au kwetu tu?"

Nikasema (Mungu anisamehe), "Mtaa mzima!"

Wakati huo ng'ambo ya barabara blenda ya muuza juisi inanguruma.

Sijui nilishukaje zile ngazi. Nilipishana na wanaume wanapanda na ndoo za maji na mchanga, "Moto uko wapi, dada?" nawajibu hakuna moto, nao wanautazama uso wangu hawaniamini. Nikamkuta Bi Zulfa amekaa kitandani, mikono kwenye magoti, mabega yanapanda na kushuka, midomo imeanza kuwa na rangi ya zambarau. Ruqaiya anahangaika na mtungi wa oksijeni wa akiba, koki imekaza. Nikaishika, vidole vinateleza kwa jasho. Nikaifunika kwa pindo la dera langu jipya, nikazungusha kwa nguvu zote, haifunguki, nikazungusha tena huku namwomba Mungu asiniandikie hili, na ndipo ikatoa pumzi: shhh. Ruqaiya akampachika mama yake mpira puani. Tukasubiri. Kila akivuta pumzi nami navuta, akichelewa nami najikuta nimeibana yangu.

Mlangoni pamejaa watu na ndoo. Kijana mmoja akapanda kutoka kwenye mita. "Swichi kuu imeruka. Nani kachomeka nini?"

Wote wakaniangalia mimi, maana mwenye masizi puani nilikuwa mmoja tu.

"Ni mimi," nikasema. "Na nimekudanganya, Ruqaiya. Umeme umekatika kwetu tu."

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alisema tu, "Shika mtungi. Usiuachie."

Nikaukumbatia mtungi sakafuni mbele za watu, dera limechanika pindo, machozi yanachora njia kwenye masizi, na simu mbili tatu zinanirekodi. Swichi ikapandishwa, mashine ikaanza kunguruma, rangi ya Bi Zulfa ikarudi polepole. Alipopata sauti akaniuliza, "Somoe, hiyo filamu ilikuwa ya vita?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikalia zaidi.

Jumatatu Kariakoo nzima inaniita Mama Umeme. Jumanne nikaipeleka ile maiti kwa fundi. Akaifungua, akatikisa kichwa, halafu safari hii akaniangalia mimi usoni. "Kosa langu lipo," akasema. "Nilikuwa naongea na mumeo. Ningekuangalia wewe, ningejua huna."

Niliyemponza Bi Zulfa ni mimi lakini, siyo yeye. Neno "sijui" halijawahi kumuua mtu, na nimeapa sitalimeza tena, hata muuzaji anidharau vipi. Bi Zulfa alishanisamehe. Mpaka leo siwezi kuchomeka kitu kizito bila kushuka kwanza kugonga mlango wao.

"Hodi, Bi Zulfa, shikamoo. Nataka kuwasha pasi."

"Marahaba, mwanangu. Washa tu."

Na Ruqaiya, ambaye kwenye hili hajawahi kucheka hata siku moja, anainuka, anaenda kusimama karibu na mtungi mpaka nimalize kupiga pasi.