Ekzosi ya Pili

Pikipiki yangu ya kwanza pale Karatu ilinikera kwa jambo moja: ekzosi ilikuwa kulia tu. Kila nikiiegesha naizunguka, naitazama kwa nyuma, naona kama haijamaliziwa. Nani alibuni kitu nusunusu namna hii? Sikutulia mpaka fundi aliponichomelea ekzosi ya pili kushoto, nayo ikitoa moshi kama ile ya kulia. Nikaipangusa vumbi jekundu. Safi! Pande zote sawa.

Jumapili mama akatoka na gauni lake la kanisani. Yeye, kama mama zetu wote, hukaa upande, miguu yote kushoto, mbali na joto la ekzosi. Akaizunguka pikipiki, akaniangalia.

“Baba, imependeza kweli. Sasa mimi miguu niweke wapi?”