Ukurasa wa Mbuzi

Mwalimu Pélagie hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Huko Uvira alikotoka walimjua hivyo, na Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda alikofundisha darasa la tatu, hawakuchelewa kumjua. Mwalimu mkuu akisikia viatu vyake barazani, alikumbuka ghafla kwamba ana safari ya Rugaaga.

Mwaka 2012 ndipo hasira zilipompanda hasa. Kila muhula walikuja wapimaji wa kusoma kutoka mjini Mbarara, vijana wapole wenye saa mkononi. Walikaa nje ya dirisha la darasa, wakamwita mtoto mmoja mmoja, wakampa ukurasa wa Kiingereza wenye hadithi ya mbuzi aliyepotea, asome kwa sauti. Wakaandika, wakaondoka. Muhula uliofuata walirudi na mbuzi yuleyule. Majibu hayakufika darasani hata mara moja. Pélagie aliuliza nani amekwama kwenye herufi na nani kwenye kuunga maneno, ili ajue amfundishe nani nini. Akaambiwa asubiri. Asubiri nini, na watoto zaidi ya mia wako mbele yake?

Kilichokuja ni amri ya ofisi hiyohiyo ya Mbarara. Watoto wamefaulu sana, kwa hiyo saa ya ziada ya kusoma asubuhi inafungwa, na Eliane, msaidizi wake, anahamishiwa kambi ya Oruchinga.

Jioni hiyo Pélagie alipita bombani, akakuta wasichana wanaruka kamba. Wimbo waliorukia kamba ulimsimamisha. Alikuwa mbuzi wa wapimaji, neno kwa neno, tangu kupotea hadi kupatikana! Watoto hawa wamelelewa kanisani, wanashika mistari ya Biblia kwa masikio tu, na kupanga foleni karibu na dirisha lile kuliwatosha. Aliyewashinda wote alikuwa Grâce, msichana wa miaka kumi, aliyewahi kusifiwa na wapimaji mbele ya shule nzima.

Jumatatu Pélagie alimwomba mama yake Grâce ruhusa, akaenda na mtoto hadi ofisi ya wapimaji Mbarara.

"Batoto bangu habajui kusoma," alimwambia afisa, hata salamu hajatoa.

"Madamu, mbona unagomba? Ripoti iko muzuri sana. Huyu mtoto hata mimi nakumbuka yeye." Afisa akampa Grâce ukurasa.

Grâce alisimama wima, akasoma kama maji. Afisa akapiga makofi. Pélagie akanyoosha mkono, akaugeuza ukurasa upande wa nyuma, usio na neno.

"Endelea, mwanangu."

Grâce akaendelea. Kidole chake kilitembea juu ya karatasi tupu, mstari baada ya mstari, mpaka mbuzi akarudi nyumbani.

"Ni juu ya hii munafunga saa yangu?" Pélagie aliwaka. "Munapima batoto, munabeba majibu huku Mbarara, mwalimu munamuachia nini? Munapima juu ya nini basi?"

Afisa akavuta kalamu. Aliandika palepale kwamba saa ya kusoma ibaki, Eliane abaki, na kila mtoto akipimwa mwalimu aachiwe majibu yake. Pélagie alitoka ofisini kichwa juu.

Walikuwa wamekaribia Misiera, kijiji cha kambini, Grâce aliposema, "Mwalimu, kumbe ile haikuwa kusoma?"

Pélagie alikuwa amemtumia mtoto huyu kama fimbo ya kumchapia mtu mzima, wala hakuwahi kumwambia wanakwenda kufanya nini. Alijikasirikia kuliko alivyomkasirikia afisa.

Kesho yake, yeye na Eliane walianza kuwapima watoto wote upya, kila mmoja kwa ukurasa wake, wakiwapanga: wasiojua herufi mbele, wanaounga maneno katikati, wanaosoma nyuma. Zamu ya Grâce ilipofika, hakuwa kwenye foleni. Alikuwa amekwenda mwenyewe kukaa mbele, katikati ya wadogo, akiutazama ubao ambao ulikuwa bado haujaandikwa kitu.